Uyoga wa Huautla na Lugha Yake

Katika milima ya Wamazateki, upande wa kaskazini wa jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, uyoga wa njozi hauna jina moja wala heshima moja. Uko unaoota penye udongo uliomeguka kwa mvua, kwenye makovu ya mlima, nao kwa Kihispania cha huko huitwa derrumbe, yaani poromoko. Uko mdogo mwembamba, wenye kofia iliyochongoka, umeao malishoni baina ya majani. Huo ni pajarito, kidege. Uko unaochipua kwenye makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa. Na uko ule mnene, mwenye rangi ya dhahabu kichwani, unaostawi juu ya mavi ya ng'ombe, uliopewa jina la mtakatifu wa wakulima, San Isidro. Wanasayansi nao wana majina yao ya Kilatini: poromoko ni Psilocybe caerulescens, kidege ni Psilocybe mexicana, na San Isidro ni Psilocybe cubensis, kwa kuwa aliyeuandika kwanza, mwaka 1906, aliupata Kuba.

Juu ya majina hayo yote limo jina la Kimazateki lenyewe, na hapo ndipo mfasiri anapoanza kutoka jasho. Neno hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni alama ya udogo, lakini udogo wa mapenzi na wa taadhima kwa pamoja. Ya pili maana yake ni kile kichipukacho, kirukacho kutoka ardhini bila ya kupandwa na mtu. Kiswahili kina kiambishi chake cha udogo, nacho kina pande mbili kama kisu: kitoto humpendeza mama, kijitu humtusi mtu. Mapenzi tunayo humo, dharau tunayo, ama taadhima hatuna. Ukisema "vidogo vichipukavyo" umepata picha, umekosa adabu. Ukisema "watukufu vichipukizi" umerudisha adabu, umeua mapenzi. Wenyeji waliosema Kihispania walikata shauri wakasema "watoto watakatifu", na tafsiri hiyo, pamoja na harufu yake ya kanisani, pengine ndiyo iliyokaribia zaidi.

Kihispania chenyewe kina mchezo wake hapa, ambao msomaji wa pwani hawezi kuupita bila ya kutabasamu. Uyoga kwa lugha hiyo ni hongo. Kwetu hongo ni kilemba cha njia: ni kile misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilichotozwa na kila mwenye nchi kabla ya kuruhusiwa kupita. Lugha mbili zisizojuana zimeangukia sauti moja kwa bahati tu, wala hapana nasaba yoyote baina yao. Hata hivyo, mtu akiisoma habari ya Huautla hadi mwisho wake, ataona kwamba kulikuwa na nchi, kulikuwa na wapitaji, na ada iliyostahiki haikulipwa.

Daraja za uyoga hazikuwa za nguvu peke yake. Poromoko husimuliwa kuwa mzito na mkali. Kidege husimuliwa kuwa mwepesi, mwenye furaha. Lakini wajuzi wengi wa Kimazateki waliuona uyoga wa mavi kuwa wa chini, wala si kwa sababu haukutenda kazi. Ulitenda. Kasoro yake ilikuwa mahali unapolala. Tena ng'ombe hawakuwako Meksiko mpaka walipoletwa na Wahispania katika karne ya 16, kwa hivyo uyoga uliofungamana na ng'ombe haungeweza kuwa na ukale sawa na wa ule unaotoka kwenye jeraha la mlima. Jambo la kushangaza ni kwamba huo wa daraja ya chini ndio leo unaolimwa zaidi ya wenziwe wote katika vyumba na maghala ya Ulaya na Marekani, kwa sababu moja nyepesi: haujui kudeka, huota popote.

Watu wameushuhudia utofauti huu kwa muda mrefu. Bernardino de Sahagún, padri Mhispania aliyekusanya habari za Waazteki katika karne ya 16, aliandikiwa na wazee wao kwamba walioula uyoga karamuni, pamoja na asali, hawakuona mamoja. Mmoja alijiona anakufa vitani, mwingine analiwa na mnyama mkali, mwingine ametajirika na kumiliki watumwa. Na njozi zilipokwisha walikaa wakasimuliana. Huko tofauti imo ndani ya mlaji. Lakini katika miaka ya 1570 tabibu wa Mfalme Philip wa Pili, Francisco Hernández, aliyetumwa kwenda kuandika mimea ya Meksiko, aliigawa habari kwa njia nyingine: aliipa tofauti nyumba ndani ya uyoga wenyewe. Alisema uko uyoga unaotia wazimu wa kucheka kusikozuilika; uko mwingine usiochekesha, bali huleta mbele ya macho vita na sura za mashetani; na uko wa tatu, wa thamani kubwa, uliotafutwa na wakuu kwa ajili ya karamu zao, kwa makesha ya usiku kucha yenye kutisha. Aina tatu, athari tatu.

Basi hapo, karne nne kabla ya maabara yoyote, swali lilikwisha kukaa katika pande zake mbili. Je, njozi ni ya uyoga au ni ya mtu? Mpenzi wa ushairi atalitambua swali hili hata likivaa nguo nyingine, kwani ndilo lile lile linaloulizwa juu ya bahari za ushairi. Wako wanaoshika kwamba utenzi una hali yake ambayo shairi la tarbia haliwezi kuileta, hata maneno yawe yale yale. Na wako wanaosema kwamba bahari ni chombo tu, na kinachomliza msikilizaji ni sauti ya mghani pamoja na msiba alionao yeye mwenyewe.

Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Juni 1955, mtu mmoja wa benki kutoka New York, R. Gordon Wasson, pamoja na mpigapicha Allan Richardson, walikaa mbele ya madhabahu ya nyumbani huko Huautla de Jiménez, katika mkesha ulioongozwa na mwanamke wa Kimazateki aitwaye María Sabina. Viyoga vilihesabiwa kwa jozi, kama ilivyo dasturi. Bibi María Sabina alichukua jozi 13. Wasson alipewa sita. Mishumaa ilizimwa, bibi akaanza kughani, akaghani mpaka alfajiri. Miaka miwili baadaye, tarehe 13 Mei 1957, Wasson alitangaza habari hizo katika jarida la Life. Alimbadilisha bibi jina akamwita Eva Mendez, na kabila lake pia akalibadilisha, kwa nia ya kumsitiri. Sitara hiyo haikudumu.

Mwaka 1956 Wasson alikwisha kurudi milimani pamoja na Roger Heim, bingwa wa uyoga wa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Viumbe mjini Paris. Heim ndiye aliyezitambua aina na kuzipa majina, Psilocybe mexicana mojawapo; akaiotesha Paris, kisha akapeleka mavuno yake Basel, nchini Uswisi, kwa Albert Hofmann wa kampuni ya dawa ya Sandoz. Mwaka 1958 Hofmann na wenzake walitangaza kwamba wametoa kutoka uyoga huo vitu viwili, wakaviita silosibini na silosini. Kimsingi ni jambo moja: silosibini ikishaingia mwilini hupoteza kipande chake cha fosfati ikawa silosini, na silosini ndiyo inayofika kwenye ubongo na kujipachika mahali pa serotonini, ambayo ni jamaa yake kwa umbo. Poromoko lina hiyo. Kidege kina hiyo. San Isidro ana hiyo. Hata rangi ya buluu inayojitokeza uyoga ukiminywa kidole ni kazi ya silosini hiyo hiyo ikikutana na hewa.

Kwa hivyo maabara ilitoa hukumu yake: aina nyingi, dutu moja, kinachotofautiana ni kiasi. Na kwa hakika kiasi hutofautiana mno. Watafiti wawili wa Marekani, Bigwood na Beug, walionyesha mwaka 1982 kwamba San Isidro wa mbegu moja, aliyeoteshwa katika hali moja, aliweza kuzidiana mara nne kwa nguvu baina ya mazao, na ule uliokusanywa kwa watu mbalimbali ulizidiana hata mara kumi. Psilocybe azurescens ya pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani imepimwa kufikia takriban sehemu 1.8 ya silosibini katika kila mia ya uzito mkavu, kiasi ambacho kidege hakikifikii hata kwa mbali. Mtu anayesema kwamba uyoga huu ulimwonyesha bustani na ule ulimwonyesha kaburi, aghalabu alikunywa kikombe katika nyumba ya kwanza na ndoo katika nyumba ya pili.

Hukumu hiyo ina nguvu, na haifai kuibeza ili kuipendezesha hadithi. Lakini aliyeitoa ndiye aliyekuwa na ushahidi mzuri zaidi dhidi yake. Mwaka 1957, kabla ya kuchambua chochote, Hofmann aliona kwamba wanyama waliopewa uyoga wa Paris hawaonyeshi dalili ya kueleweka, akaamua kuujaribu mwenyewe. Alikula viyoga 32 vikavu vya Psilocybe mexicana, vyenye uzito wa gramu 2.4, kiasi ambacho wajuzi wa Meksiko walikihesabu kuwa cha kati. Baada ya nusu saa, ulimwengu wote ukageuka Meksiko. Alijua kwamba uyoga umetoka huko, na kwa sababu hiyo alijitahidi kuona vitu kama alivyovizoea, hakuweza. Michoro na rangi zilikuwa za Kimeksiko. Daktari aliyekuwa akimwangalia, alipoinama kumpima shinikizo la damu, aligeuka kuhani wa Kiazteki, na mkemia wa Basel hangeshangaa kuona kisu cha jiwe jeusi kikichomolewa.

Ukweli ni kwamba uyoga ule haukuwa na kumbukumbu yoyote ya Meksiko. Ulizaliwa Paris, katika chombo cha maabara. Meksiko ilikuwa ndani ya mlaji, katika vitabu alivyosoma na habari alizosikia, nayo ilitoka nje ilipofunguliwa mlango. Silosibini haikumletea picha ya kuhani. Ilimletea hali ambayo ndani yake neno "Meksiko" liliweza kuvaa mwili. Kama angeambiwa kwamba viyoga vimetoka Siberia, ni nani ajuaye daktari yule angevaa ngozi ya mnyama gani?

Mwezi wa Oktoba 1962 Hofmann alikwenda mwenyewe Huautla pamoja na Wasson, mkobani mwake mna vidonge vya silosibini vilivyotengenezwa na Sandoz. Msimu wa viyoga ulikuwa umepita. Bibi María Sabina alikubali kufanya mkesha kwa vidonge. Mambo yalichelewa. Kidonge hushuka tumboni kwanza, ilhali uyoga hutafunwa polepole na huanza kuingia mwilini tangu kinywani. Waliokaa kungojea wakaanza kutia shaka, wakaongezwa vidonge vingine. Kisha hali ikashuka, bibi akaghani usiku kucha kama kawaida yake. Kulipopambazuka, wageni wakiaga, alisema kwamba vidonge vina nguvu ile ile ya uyoga, hapana tofauti. Alifurahi pia, kwa kuwa sasa angeweza kuwahudumia watu hata katika miezi isiyo na mvua.

Habari hii husimuliwa mara kwa mara kama ushindi wa kemia: mjuzi mwenyewe amekiri. Inastahiki kusomwa kwa utulivu zaidi. Huyu ni mwanamke aliyezijua aina zote, mahali pa kila moja na heshima ya kila moja. Aliyakinga masikio yake kwa kila uyoga tangu utotoni, alipokuwa na njaa malishoni pamoja na dada yake, wakala viyoga walivyowahi kumwona mjuzi akivitumia kumtibu mjomba wao. Kama yuko aliyeweza kuonja upungufu wa kidonge, ni yeye. Hakuuonja. Na hakuuonja kwa sababu kile kilichokuwa kikiitofautisha kazi yake na ya mtu mwingine hakikuwa ndani ya kidonge wala ndani ya uyoga. Alikuja nacho kinywani. Mbele ya Álvaro Estrada, kijana wa Huautla aliyeandika maisha yake, alisema kwamba yeye huponya kwa Lugha. Hakujua kusoma. Alisimulia kwamba katika njozi wakubwa walimfunulia kitabu cheupe, akakisoma, na kitabu kilipoondoka maneno yalibaki naye.

Msemo huo, kuponya kwa Lugha, wageni wengi waliuchukulia kuwa fumbo. Kwa Wamazateki ni maelezo ya kazi. Kimazateki ni lugha ya toni, na mwaka 1948 mwanaisimu George Cowan alieleza jinsi wanaume wa huko wanavyoweza kuzungumza kwa miluzi kutoka kilima hadi kilima, maana mbinja peke yake huyabeba maneno. Katika lugha ya namna hiyo, wimbo haukai juu ya maneno kama kanga juu ya bega. Umo ndani yao. Mikesha ya bibi huyu ilirekodiwa, na sahani ya kwanza ilitolewa na Folkways mwaka 1957. Anayeisikiliza bila ya kuelewa hata neno moja bado atalishika neno dogo linalorudi kila mwisho wa mshororo: tso. Maana yake ni "asema". Mghani hajitaji kuwa ndiye msemaji. Anataja sifa zake mfululizo, kisha anazifunga kila moja kwa kukumbusha kwamba yasemwayo yanasemwa na mwingine, na huyo mwingine ni uyoga.

Hapo ndipo aina zinapopata maana yake. Kama uyoga ndio usemao, basi kuuliza ni uyoga gani ni sawa na kuuliza ni nani mzungumzaji, na katika nyumba yenye adabu hilo ndilo swali la kwanza mlangoni. Wazee wa visiwani wanaozikumbuka ngoma za pepo hawatahitaji kuelezwa sana: kila pepo ana wimbo wake, rangi yake na chano chake, na kumpigia mmoja ngoma ya mwenziwe ni kumvunjia heshima, ijapokuwa ngozi ya ngoma ni ile ile ya mbuzi. Anayesema kwamba ngozi ni moja hakosei. Amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Lililokuwa hatarini katika mikesha hiyo lilikuwa uhai wa mtu. Katika rekodi ya Julai 1958, ambayo mwaka 1974 ilitolewa pamoja na matini kamili ya Kimazateki, Kihispania na Kiingereza na noti za muziki, kijana mgonjwa ameletwa ili ijulikane kama atapona. Usiku unavyosonga, mghani anajulishwa kwamba hakuna tumaini. Ghani haikatiki, inaendelea kutafuta njia, inarudi, inaomba, inatafuta tena. Kijana hakuishi muda mrefu baada ya usiku ule. Msomaji anayekipitia kitabu hicho kwa ajili ya ushairi wake, na ushairi umo tele, hukutana na ukurasa ambapo kuupenda ushairi hakutoshi. Anne Waldman, mshairi wa Marekani, alizisikiliza rekodi za bibi huyu akatunga shairi lake refu "Fast Speaking Woman", lililotoka kitabuni mwaka 1975, na deni lake amelikiri. Ni kazi yenye kishindo cha kweli. Lakini humo hakuna mgonjwa, na kishindo kisicho na mgonjwa ni aina nyingine ya uyoga.

Tangu hapo majina yamezaliwa mengine, ya dukani. Huko Uholanzi, mpaka uyoga mbichi wa njozi ulipopigwa marufuku tarehe 1 Disemba 2008, maduka yaliuza "Mexican", "Thai" na "Hawaiian", kila mmoja na maelezo yake: huu wa kucheka, huu wa rangi, huu wa kutafakari. Hernández amerudi, safari hii amevaa kofia ya mchuuzi. Ule wa Hawaii ulikuwa kweli jamii tofauti na wenye nguvu zaidi. Ama wa Meksiko na wa Thailand wote wawili walikuwa San Isidro, uyoga wa mavi, waliopewa pasipoti mbili. Na kwa kuwa mteja alisoma maelezo kabla ya kula, aghalabu alipata alichoahidiwa. Mchuuzi hakudanganya sana. Alifanya kazi ya mghani kwa maneno kumi ya karatasi.

Isidhaniwe kwa hayo kwamba spishi hazina neno lake. Uyoga unaoota juu ya mbao, kama vile Psilocybe azurescens na wenzake, umeripotiwa kuwalegeza baadhi ya walaji viungo kwa saa kadhaa, hata mtu ashindwe kusimama, jambo ambalo San Isidro hajulikani nalo. Tena ndani ya uyoga, pamoja na silosibini, mna dutu nyingine ndogo ndogo. Beosistini, mathalani, ilitambuliwa mwaka 1968. Kemia bado haijafunga mahakama yake. Ila ni ajabu kwamba tofauti ya mwili iliyo wazi kuliko zote ni ya miguu kukosa nguvu, wala hakuna duka lililopata kuiandika kwenye lebo.

Msomaji wetu atauliza hukumu ya dini kuhusu vitu hivi, na ana haki. Jibu lake analijua, wala makala haya hayamwalike kuonja. Bibi María Sabina naye alikuwa na sharia zake, na hazikuwa nyepesi. Uyoga huliwa usiku, gizani, mbele ya madhabahu, baada ya siku kadhaa za kujitenga na unyumba. Huliwa kwa haja. Kabla ya Wasson, alimwambia Estrada, hakuna aliyewala watoto watakatifu ili tu kumwona Mungu. Waliliwa ili mgonjwa apone. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja vijana kwa mamia, wenye nywele ndefu na miguu mitupu. Waliula uyoga mchana, barabarani, pamoja na mkate. Serikali ya Meksiko ikaleta askari kuzuia njia. Bibi alisema waziwazi kwamba tangu wageni walipofika watoto watakatifu wamepoteza usafi na nguvu zao, na kwamba hapana dawa ya kulirudisha hilo. Alifariki tarehe 22 Novemba 1985, maskini kama alivyozaliwa.

Ukimpeleka mkemia Huautla akapime, hataona kilichopungua. Poromoko la leo lina silosibini kama la mwaka 1955, na mvua za Juni huleta vidogo vile vile. Kwa maana hiyo María Sabina alikosea. Lakini huyu ndiye yule aliyeonja kidonge cha Basel akasema kiko sawa. Haiwezekani kumwamini siku ile na kumpuuza siku hii. Alikipokea kitu kigeni kabisa, chupa ya kiwandani, akakikuta na nguvu. Kisha akaushika uyoga wa mlima wake mwenyewe akaukuta hauna. Kilichobadilika baina ya siku hizo mbili hakipimwi kwa gramu. Usiku ule wa 1962 waliokuja waliketi katika giza lake na kumwachia usemi. Waliokuja baadaye walikuja na maneno yao wenyewe, na uyoga, kama ulivyomfanyia Hofmann, uliwajibu kwa hayo.

Estrada alimhoji pia mjuzi mwingine wa Huautla, mwanamume, akamuuliza kuhusu jambo hilo. Akajibu kwamba kibaya zaidi ni kuwa uyoga si wao tena; lugha yake takatifu imenajisiwa, nao hawawezi tena kuifumbua. Siku hizi, alisema, uyoga unazungumza Kiingereza. Estrada aliyaandika hayo kwa Kihispania katika kitabu chake cha mwaka 1977. Mwaka 1981 Henry Munn akayafasiri, na wasomaji walio wengi ulimwenguni wameyajua kwa Kiingereza chake.